Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aghalabu methali hii hutumika kumkanya mtu anayedharau taabu za jirani yake kwa kuwa yeye hazimgusi. Nimeitafakari kwa muda mrefu sasa, na kilichonisukuma kuitafakari ni kitu ambacho wahenga hao hawakukijua, nacho ni gemu za kompyuta. Msomaji asicheke. Mara nyingi jambo dogo ndilo linalobeba swali kubwa, na swali langu ni hili: kitu kipya kinapotengenezwa mbali, kikamfikia mtu ambaye chombo chake hakikiwezi, kosa ni la nani? Ni la chombo, la mwenye chombo, au la yule aliyefunga mzigo?

Hapa kwetu Singida, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, kompyuta nyingi za nyumbani ni za mtumba. Zilianza maisha yao katika ofisi za ng'ambo. Ziliandika barua na kukokotoa mahesabu kwa miaka kadhaa, kisha wenyewe wakaleta mpya, na zile za zamani zikauzwa kwa jumla, zikapakiwa kwenye makontena, zikashuka Dar es Salaam na kupandishwa mabasi ya kuja bara. Mtoto wa mdogo wangu, kijana wa sekondari, alinunuliwa mojawapo. Prosesa yake ni ya mwaka 2012, ramu yake ni gigabaiti 4, na haina kadi ya picha. Muuzaji alimhakikishia kwamba inacheza gemu zote.

Kwa kazi za shule mashine ile haikuwa na neno. Tatizo lilikuja kijana alipoweka gemu mpya ya mpira wa miguu. Wachezaji walikimbia kama watu waliozama magotini katika tope la mbuga. Mpira ulitoka mguuni mwa mtu katikati ya uwanja, picha ikaganda, na ilipozinduka mpira ulikuwa umekwisha kuingia golini. Wenzake waliokuja kutazama walicheka sana, wakamwambia kwamba amenunuliwa kimeo. Siku chache baadaye alinijia akasema, "Shikamoo baba mkubwa. Naomba umwambie baba, hii mashine ni mbovu. Inahitaji kadi ya picha."

Hapo mzaha ukaisha, kwa sababu kadi ya picha ni fedha. Mdogo wangu ni mkulima wa alizeti upande wa Ikungi. Wakati huo alikuwa na magunia ndani akiyangoja, maana kila mkulima wa mkoa huu anajua kwamba anayeuza alizeti siku za mavuno huuza kwa bei ya kilio, na anayeweza kusubiri hupata nafuu. Kuuza magunia mapema ili kununua kadi kulimaanisha kupunguza mbegu, ada na chakula. Aliniuliza, "Kaka, wewe unaijua hii mitambo. Mtoto anasema kweli?" Nilikuwa na jibu la kifundi, lakini niliona kwamba jibu la kifundi peke yake halitoshi.

Hata hivyo tuanze nalo, maana bila hilo tutahukumu gizani. Picha inayotembea kwenye kioo cha kompyuta ni mfululizo wa picha zilizosimama, zinazochorwa upya kwa haraka. Ili mchezo uonekane laini, mashine inatakiwa kuchora picha kama 60 kila sekunde, yaani inapewa takriban milisekunde 16 kumaliza kila moja. Ikipata 30 bado mchezo unavumilika. Ikishuka hadi 10 au 8, macho yanaanza kuona kukwama. Na picha moja ya kioo cha kawaida, chenye nukta 1,920 kwa 1,080, ina nukta zaidi ya milioni 2, kila moja ikihitaji kupangiwa rangi, mwanga na kivuli chake. Kazi hiyo hufanywa na kadi ya picha yenye ramu yake yenyewe. Kompyuta isiyokuwa nayo huifanya kwa kipande kidogo kilichomo ndani ya prosesa, na kipande hicho huazima ramu ileile ndogo inayotumiwa na mambo mengine yote. Sasa gemu ya mpira ya EA Sports FC 24, iliyotoka mwaka 2023, watengenezaji wake walitaja kiwango cha chini kabisa: ramu gigabaiti 8, kadi ya picha yenye ramu yake ya gigabaiti 4, na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Mpwa aliyepewa debe moja la nguvu akaambiwa abebe matatu hawezi kulaumiwa akipepesuka.

Kwa hiyo mashine ya kijana haikuwa mbovu. Ilikuwa vilevile kama ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Ukiipa gemu ya mpira ya PES 2013, ambayo ni ya rika lake, inacheza bila kutoka jasho. Wepesi na uzito wa mwendo havikai ndani ya chombo kama rangi inavyokaa katika nguo. Huzaliwa pale chombo na mzigo vinapokutana. Nasi tuna desturi ya haraka ya kukitazama chombo peke yake na kukiita kibovu, kwa sababu chombo tunakiona na aliyefunga mzigo hatumwoni.

Je, basi, tumhukumu aliyefunga mzigo? Hapa nakusihi msomaji twende polepole, maana mizigo haifanani. Mimi naona iko ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni mzigo wa haki. Sanaa haisimami mahali pamoja, na anayetaka kuonyesha kitu ambacho hakijapata kuonyeshwa atahitaji nguvu ambazo hazikuwapo. Gemu ya Doom ilipotoka Marekani mwezi Desemba 1993 ilihitaji ramu ya megabaiti 4, kiasi ambacho kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule hazikuwa nacho. Watu hawakudhulumiwa kwa hilo. Tena watunzi wake walifanya jambo la kiungwana: mwenye mashine dhaifu aliweza kulipunguza dirisha la picha likawa dogo katikati ya kioo, mchezo ukakimbia. Aliona kidogo, lakini alicheza. Kadhalika, gemu kubwa za siku hizi hutungwa kwanza kwa kufuata uwezo wa mashine maalumu za kuchezea. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuwa na ramu ya gigabaiti 8. PlayStation 5 iliyotoka Novemba 2020 ina gigabaiti 16 na diski isiyozunguka yenye kasi kubwa. Watunzi walipoanza kuiaga ile ya zamani, kompyuta zetu za mtumba ziliagwa pamoja nayo, ingawa hakuna aliyezitaja. Hilo linauma, lakini silioni kuwa dhambi. Mpishi hawezi kukatazwa kupika nyama milele kwa sababu wako wasio na meno.

Namna ya pili ni mzigo wa uzembe. Mwaka 1965 Gordon Moore alibashiri kwamba vipande vidogo vya umeme ndani ya chipu moja vitaongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akarekebisha akasema kila baada ya miaka miwili. Kwa miongo mingi mambo yalikwenda hivyo. Mashine ziliponona, waandika programu wakalegea, kama mtu mwenye ghala lililojaa asiyeona sababu ya kuokota punje zilizomwagika. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, msomi wa Uswisi aliyebuni lugha ya kompyuta iitwayo Pascal, aliandika makala ya kulalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi. Tangu hapo lalamiko lake halijazeeka. Mwezi Juni 2015 gemu ya Batman: Arkham Knight ilitoka kwa ajili ya kompyuta ikiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Warner Bros. walisimamisha mauzo yake siku moja tu baadaye, wakayarudisha mwezi Oktoba. Hata wenye mashine za gharama kubwa waliionja taabu ile. Iko na sababu nyingine ya kiufundi: mashine ya PlayStation ni ya aina moja, hivyo maelekezo ya kuchora mwanga na vivuli huandaliwa mapema. Kompyuta ni za maelfu ya aina, hivyo maelekezo hayo huandaliwa nyumbani kwa mchezaji, na mtunzi asipopanga vizuri huandaliwa katikati ya mchezo wenyewe. Picha inashtuka, inakwama, inaendelea.

Hapa ndipo naona jambo la kimaadili ambalo halisemwi vya kutosha. Uzembe hauwaumizi watu sawasawa. Programu ikipoteza gigabaiti 2 za ramu bure, mwenye 16 hatambui hata kidogo, na mwenye 4 amepoteza nusu ya mali yake. Mtunzi amekaa mbele ya mashine iliyo bora kupita zote za mtaa wetu. Anaujaribu mzigo mgongoni mwake mwenyewe, anauona ni usufi, anauachia uende duniani. Hana chuki na mtoto wa Ikungi. Hamjui. Lakini kutomjua kwenyewe ndiko kunakomfanya amwongezee mzigo. Katika maisha mengi ya binadamu madhara hutendwa hivi, na watu wasiokuwa wabaya, kwa sababu tu kipimo chao cha wepesi ni mgongo wao wenyewe.

Namna ya tatu ni mzigo wa udanganyifu, yaani kuuza kitu huku ukijua kwamba mnunuzi hatakiweza, ukanyamaza. Gemu ya Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo waandishi waliopewa kuijaribu walipewa ya kompyuta, siyo ile ya mashine za zamani za kuchezea. Ilipofika kwa wanunuzi wa PlayStation 4 ya kawaida ikawa haichezeki inavyostahili. Wiki moja baadaye Sony waliiondoa katika duka lao na kurudisha fedha za watu, na haikurudi hadi Juni 2021. Viongozi wa kampuni waliomba radhi hadharani. Nautaja mkasa huu wa mbali kwa sababu ndugu yake yuko karibu. Yule muuzaji wa mtumba aliyesema "inacheza gemu zote" alitenda jambo lilelile. Ukubwa wa duka haubadili asili ya neno la uongo.

Haki inataka niseme pia sehemu iliyo yetu. Mkoa wetu ni mkavu na wenye upepo, na siku za kiangazi vumbi huingia hata mahali ambapo mlango umefungwa. Nilipolifungua sanduku la kompyuta ya kijana nilikuta feni imevaa blanketi la vumbi, na ile dawa nyeupe inayopitisha joto juu ya prosesa imekauka ikawa kama chaki. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Nilipenda jambo hilo. Mashine iliyokuwa ikichekwa kwa uvivu ilikuwa inajiokoa. Na sisi tuliokuwa tukiilaumu hatukuwa tumeisafisha tangu ije.

Wapo watakaosema kwamba nazungusha maneno bure, na kwamba jawabu ni fupi: kijana na aridhike. Acheze gemu za zamani, asome vitabu, amshukuru Mungu kwa kuwa wako wasio na kompyuta kabisa. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini nauogopa wepesi wake. Kuridhika ni pambo likitoka kinywani mwa mwenye njaa. Likitoka kinywani mwa aliyeshiba huwa ni namna ya kufunga mlango. Tena kijana hakutaka anasa tupu. Alitaka kukaa na wenzake, azungumze wanayozungumza, asiwe yeye ndiye kichekesho cha chumba. Mtu mzima anayedhani kwamba haja hiyo ni ndogo amesahau ujana.

Na nchi yetu iliwahi kujaribu njia ya kukataa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, ikiona kwamba zinakula fedha za kigeni bila faida inayolingana. Hoja ile haikuwa ya kijinga: iliuliza nani analipa, na kwa faida gani. Lakini mzigo uliokataliwa haukuacha kukua huko nje, na marufuku ilipolegezwa baadaye tulikuta safari imekuwa ndefu zaidi. Kukataa kila kigeni si ulinzi wa kudumu.

Walakini kukimbilia kila kipya nako si jawabu. Nilimweleza mdogo wangu ukweli wa sanduku lile. Ni la umbo jembamba la ofisini, na kadi ya picha ya kawaida haiingii humo. Kisanduku chake cha umeme ni kidogo, hakiwezi kulisha kadi kubwa. Angenunua kadi, angelazimika kununua kisanduku cha umeme, kisha sanduku kubwa, kisha prosesa, na magunia yote yangekuwa yamekwisha kabla mpira haujachezwa. Nikamwambia, "Usiuze. Lakini usimwambie mtoto kwamba anachotaka ni upuuzi." Tulisafisha vumbi, tukapaka dawa mpya, tukaongeza ramu ya pili ya gigabaiti 4 iliyo ya mtumba vilevile. Ramu mbili zikifanya kazi bega kwa bega, kile kipande cha picha ndani ya prosesa hupata njia pana zaidi ya kupitisha kazi zake. Gemu za rika la mashine sasa zinakwenda vizuri sana. Ile mpya bado ni taabu, hata ukipunguza kila kinachopunguzika. Kijana bado anaitaka, anafuga kuku ili ajinunulie mashine nyingine siku moja, nami simlaumu. Kitu kimoja kimebadilika: hasemi tena kwamba mashine yake ni mbovu. Wenzake wakimcheka huwaeleza, kwa hesabu, kwa nini inakwama. Kuna heshima katika kujua uzito wa kile ulichoshindwa kubeba.

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kucheza gemu hata moja, nawe unaniuliza haya yanakuhusu nini. Tazama basi mambo mengine yanayofungwa mbali na kubebwa hapa. Siku hizi maombi ya mikopo ya elimu ya juu hufanywa kwa mtandao. Malipo, vitambulisho, matokeo ya mitihani, yote yanaelekea huko. Anayetengeneza kurasa hizo hukaa mahali penye umeme usiokatika na mtandao wa kasi, na kwake ukurasa hufunguka kabla hajapepesa macho. Mtoto wa Mkalama au Itigi huufungua kwa simu iliyopasuka kioo, kwa kifurushi kinachoishia njiani, siku ya mwisho ya maombi. Gemu ikikwama, kijana amepoteza mchezo. Ukurasa ule ukikwama, amepoteza mwaka. Kosa ni lile la mtunzi wa gemu aliyeujaribu mzigo mgongoni mwake mwenyewe, ila thamani ya kilichopotea ni nyingine.

Wala tusiishie kwa waandika programu. Mwalimu hupima wepesi wa somo kwa mwanafunzi wake hodari. Mzazi hupima ujana wa mwanawe kwa ujana wake. Mwenye afya hupima mwendo wa mgonjwa. Kila mmoja wetu ni mfungaji wa mizigo ya wengine, na kila mmoja ana mashine yake nzuri anayoijaribia.

Basi mimi nimefikia mambo matatu, nayaweka mbele yako uyapime. Kwanza, anayefunga mzigo autaje uzito wake kwa ukweli kabla ya kupokea fedha au kutoa amri. Pili, aujaribu kwa mgongo ulio dhaifu kuliko wake, maana uzembe ambao kwake ni punje, kwa mwingine ni nusu ya ghala. Mzigo ukibaki mzito baada ya hayo, ni mzito kwa haki, na hakuna wa kulaumiwa. Tatu, sisi tunaotazama tukimwona mtu au kitu kimekwama njiani, tuulize kwanza kimebebeshwa nini. Huenda tutakuta ni uvivu kweli, maana uvivu upo. Lakini mara nyingi tutakuta vumbi ambalo hakuna aliyelifuta, na mzigo ambao aliyeufunga hakuwahi kuuona mgongo utakaoubeba.